Miaka miwili peke yake haimfanyi dada wa kazi kuwa mke

Naomba tuelewane kuhusu hii miaka miwili, maana nimechoka kuisikia. Naisikia kwenye bajaji za Ipuli, naisikia saluni, naisikia kwa watumishi wa serikali wenye shahada zao. Wiki hii nimeisikia tena ofisini, kwa mama aliyekuja na binti yake kutoka Kasulu: "Wakili, mwanangu amekaa kwa yule baba miaka sita. Sheria si inasema miwili? Basi ameshakuwa mke mara tatu."

Binti alikuja Tabora kufanya kazi za ndani. Mwenye nyumba ni mgane. Mapenzi yakaingia, mtoto akazaliwa, na sasa baba amepata mchumba wa hadhi yake na binti ameambiwa afungashe. Sijasema la siri hapo. Nyumba za namna hiyo mjini kwetu ni nyingi kiasi kwamba kila msomaji ameshamfikiria mtu wake.

Sasa kifungu chenyewe. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hivi: ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wajulikane kuwa ni mume na mke, mahakama itachukulia kwamba walioana, mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Ndiyo dhana ya ndoa. Watu wakifika kwenye "miaka miwili" wanafunga kitabu. Uzito wote wa kifungu uko kwenye "wajulikane".

Vijana wawili waliopanga chumba Ng'ambo hawapati shida hapo. Jirani anamwona mwanamume anatoka asubuhi, mwanamke anafua, usiku mtoto analia. Atawahesabu kuwa ni mtu na mkewe bila kuulizwa. Dada wa kazi ana mzigo ambao mwenzake huyo hana: nyumba tayari ina maelezo ya kwa nini yeye yupo. Anapika? Ndiyo kazi aliyoletewa. Anafua mashati ya baba, anapeleka watoto shule, analala humo humo? Hata dada wa nyumba ya pili anafanya hayo yote na hakuna anayemwita mke. Ushahidi unaomtosha mwanamke mwingine, kwake hauthibitishi kitu.

Ndiyo maana nauliza maswali ambayo wateja wangu huyaona ya umbea. Mama mzazi wa huyo mwenye nyumba alipofariki kule Nzega, ulikwenda msibani? Ulikaa wapi, mkekani na wafiwa au jikoni na wapishi? Waombolezaji walikupa mkono wa pole, au walikuomba maji ya kunawa? Kadi za harusi zikija nyumbani, jina lako limo? Kadi ya kliniki umeandikwa una mume? Kwenye bima yake ya afya mwenza ni nani? Mwenyekiti wa mtaa amekuandika vipi kwenye daftari la wakazi? Msiba mmoja uliokaa mkekani ukiwa umejifunga kanga kama wakwe wengine unaweza kunisaidia kuliko miaka minne ya kupika.

Na miaka haihesabiwi tangu siku uliyoshuka stendi na begi lako. Inahesabiwa tangu mlipoanza kuishi kama mke na mume, machoni pa watu. Yule binti aliyekaa miaka sita, nilipomaliza kumuuliza, ya namna hiyo ilibaki mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama yake alinikasirikia mimi.

Hapa ndipo panaponiuma, na nitakaa hapa kidogo. Mwanaume anayempenda sawa yake humtembeza. Atampeleka kanisani, atampeleka kwa shangazi, atamtambulisha kazini. Anayelala na mtumishi wake humficha. Wageni wakija binti anarudi jikoni, anabeba sinia, anasema "karibuni" na kuondoka. Mzee anaona haya kusema kwamba mama wa mtoto wake ndiye aliyekuwa anadeki sebule. Kisha wakifika mahakamani, haya ile ile inageuka kuwa utetezi: "Muulizeni yeyote, hakuna aliyemjua kama mke wangu." Na anasema kweli! Hakuna aliyemjua kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka ajulikane. Kadiri mwanaume alivyomdharau zaidi, ndivyo kesi ya mwanamke inavyokuwa dhaifu zaidi. Kifungu hiki kimekuwa msaada kwa wanawake wengi, lakini kwa anayedharauliwa kuliko wote kina tundu kubwa, na sijaona mafunzo ya mawakili yanayolisema wazi.

Usiniulize basi kwa nini hakumwoa. Kwa Waislamu walii, mashahidi wawili na mahari waliyokubaliana. Bomani ni taarifa ya siku 21. Hakuna hapo kinachomshinda mwenye nyumba yake.

Ndugu wa mume nao wana imani yao potofu. Husimama wakasema "huyu alikuwa hausigeli tu," wakakaa chini kana kwamba wametoa hoja. Hakuna kifungu kinachouliza mke alitoka sebuleni au jikoni. Aliyeingia kama mtumishi anaweza kabisa kuwa mke, na wapo, tena wameheshimika na majirani wamesahau kabisa walivyokuja. Tatizo ni ushahidi, si cheo.

Mengine haraka haraka. Mahari kutolewa au kutotolewa si kipimo. Sheria inasema ndoa haibatiliki kwa kukosa mila za mahari. Mtoto hafanyi ndoa, na mtoto hahitaji ndoa: chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ana haki ya baba yake na matunzo yake hata kama mama hakuwa mke hata siku moja, na ubaba ukikataliwa kipimo cha vinasaba kipo. Kama mzee ana mke wa ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, dhana haisimami, maana hana uwezo wa kuoa mwingine. Vivyo hivyo binti aliyeacha mume kijijini bila talaka. Hilo wateja hunificha, halafu upande wa pili ndio unaolileta. Na binti wa chini ya miaka 18 uliyemleta kufanya kazi ukaanza kulala naye, hiyo si dhana ya kitu chochote, ni jinai.

Sasa twende kwenye mshahara, maana hapo mawakili wenyewe tunagongana vichwa. Chukua mwanaume aliyekuwa anamtumia mama wa binti fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, kiasi kile kile. Upande wake watasema ni mshahara. Mimi nitasema ni matunzo ya ukweni. Baada ya mtoto kuzaliwa fedha zikakoma. Je, alikoma kulipa kwa sababu sasa ni mkewe, au kwa sababu aliona akishalala naye hana haja ya kumlipa? Mahakimu wawili waaminifu wanaweza kuusoma ukimya huo kwa namna mbili, na sitamdanganya mteja kwamba najua watausoma vipi.

Ambacho watu hawakisomi kabisa ni kifungu kidogo cha pili cha hiyo 160. Hata dhana ikipinduliwa, mwanamke akithibitisha kwamba kweli waliishi kama mke na mume miaka miwili, anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu zile zile inazotoa ndoa inapovunjwa. Mgawanyo wa mali umo. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Lakini kwa aliyeanza kama mtumishi, sufuria ni lile lile na fagio ni lile lile. Ugali wa mwaka wa kwanza ulikuwa ajira, wa mwaka wa nne ni mchango wa mke. Mstari uko wapi? Ninauchora kila mara, na kila mara nauchora nikiwa na wasiwasi.

Wasiwasi mwingine ni mzito zaidi. Sheria hiyo hiyo inataka ndoa iwe ya hiari. Kuna wateja ambao nikiwauliza mara ya kwanza ilikuwaje, wananyamaza, kisha wanasema "yeye ndiye alikuwa ananilisha." Nikiandika madai ya dhana ya ndoa kwa mtu kama huyo napata nafuu ya kweli kwake: matunzo, pengine sehemu ya nyumba. Lakini nimeyaita ndoa mambo ambayo pengine yalistahili kupelekwa polisi. Huwa namwachia yeye achague, nikishamweleza njia zote mbili.

Kwa hiyo usisubiri. Kama una madai ya mshahara, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka lalamiko la kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Wengi huja baada ya nusu mwaka wa kungoja mzee abadili mawazo, mlango wa ajira ukiwa umefungwa. Madai ya ndoa yanaanzia baraza la usuluhishi, kisha hata Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka. Na kabla ya kupanda treni ya Kigoma, andika majina na namba za majirani wawili watatu waliokuona ukiishi kama mke. Mashahidi wako wako hapa mtaani. Ukishafika Kasulu, nauli ya kuwafuata itakushinda, na wao watakuwa wameshazoea kumwona huyo mchumba mpya.