Si gumzo linalomfukuza besi

Ukipanda mashua Ziwa Naivasha kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana aliyeletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, utaambiwa unyamaze, samaki asikusikie. Pigeni gumzo tu. Sauti ya hewani ikigonga uso wa maji, karibu yote hurudi juu; inayopenya haifiki hata asilimia 1.

Kinachomshtua ni kishindo: kasia likigonga ubao, nanga ikitupwa kwa pupa, kisigino kikikanyaga sakafu. Mtikisiko huo hupita majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, na besi ana masikio ndani ya kichwa, ingawa hayaonekani. Basi tandika gunia chini ya miguu, zima injini mapema, teremsha nanga polepole. Na kivuli chako kisimpitie; macho anayo, tena makali.