Onbodi chaja ni nini, na kwa nini uijue kabla hujafunga chaja ya ukutani

Wengi wanaonunua gari ya umeme hapa Kenya, hasa hizi Nissan Leaf zinazotoka Japani zikiwa zimetumika, huanza kwa kuuliza wafunge chaja ya kilowati ngapi nyumbani, na hapo ndipo pesa zinaanza kupotea, kwa sababu cha kujua kwanza ni gari yenyewe inaweza kupokea ngapi.

Iko hivi. Stima inayoingia nyumbani ni AC (inageuza mwelekeo kila mara) na betri ya gari inahifadhi DC (ya mwelekeo mmoja) peke yake, kwa hivyo lazima kuwe na kifaa cha kugeuza katikati, na hicho kifaa kiko ndani ya gari, kimefungwa huko na waliotengeneza gari, ndio onbodi chaja. Lile boksi la ukutani haligeuzi stima. Kazi yake ni kulinda usalama na kuwasiliana na gari, linaiambia kuwa waya huu unabeba ampea kadhaa, usivute zaidi ya hapo, basi. Sasa Leaf nyingi za Japani zina onbodi chaja ya kilowati 3 na kitu, kuna chache zenye 6 na kitu. Ukienda kufunga boksi la kilowati 7 kwa gari ya 3.3, itavuta 3.3 tu, hata ukibadilisha boksi uweke la 22 bado ni 3.3. BYD na zingine mpya mpya zinapokea 7 na wakati mwingine zaidi, hapo boksi la 7 lina maana. Kwa hivyo uliza muuzaji onbodi yake ni ngapi, na usikubali jibu la "inachaji haraka".

Halafu piga hesabu ya siku yako. Rongai hadi tao na kurudi haifiki kilomita 60, na gari kama Leaf inakula kama yuniti 15 au 16 kwa kilomita 100 (yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Kebo ya soketi ya kawaida, ile inayovuta ampea 10, kwa volti 240 ni kilowati 2.4. Ukichomeka saa nne usiku ukachomoa saa kumi na mbili asubuhi imevuta kama yuniti 19, toa kiasi kinachopotea kama joto njiani, bado unaamka na kilomita 100 na kitu mpya. Mimi nasema wazi, kwa mtu wa mjini mwenye pakingi yake hiyo inatosha kabisa, hiyo pesa ya boksi kubwa afadhali aiweke kwa waya mzuri na fundi aliye na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati.

Na waya ndio mahali pa kuwa mkali. Soketi ya pini tatu imeandikwa ampea 13 lakini kuvuta zote 13 mfululizo usiku mzima ni kazi nyingine, ndio maana kebo nzuri hujizuia kwa 10. Shida ni kwamba kebo nyingi zinazokuja na hizo Leaf zilitengenezwa kwa volti 200 za Japani na ampea 15, halafu mtu anakata ile plagi anaweka ya kwetu ya 13 na anaendelea na maisha. Tafadhali usifanye hivyo. Chaji saa moja, zima swichi, chomoa, gusa plagi: uvuguvugu ni sawa, lakini ikiwa huwezi kuishikilia au plastiki karibu na shimo la laivu imeanza kuwa kahawia, acha kuchaji hapo mpaka ibadilishwe. Ekstensheni ya kukunjwa usiitumie kabisa. Laini ya chaja itoke kwa bodi ya stima ya nyumba moja kwa moja, na breka yake na kifaa cha kukata stima ikivuja, na uhakikishe ethi iko kweli, maana nyumba nyingi soketi ina tundu la ethi na nyuma hakuna kitu.

Kuhusu bili, ukiongeza gari nyumbani karibu lazima utavuka yuniti 100 kwa mwezi na kuingia daraja la juu la wateja wa nyumbani, kwa hivyo usipige hesabu na bei ya yuniti uliyozoea. Kuna bei ya magari ya umeme iliyotolewa 2023, wakati huo ikiwa shilingi 16 kwa yuniti na shilingi 8 zile saa za usiku ambazo watu wamelala, kabla ya kodi na makato mengine, lakini imepangiwa zaidi wanaochaji kwa wingi, kwa hivyo ulizia Kenya Power kama unafaa kabla hujaiweka kwa bajeti.

Chaja za nje zile za haraka ni DC, kugeuza stima kunafanyika ndani ya mashine yenyewe, kwa hivyo onbodi chaja inarukwa na ndio maana unapata hadi kilowati 50 hata kwa Leaf. Kutoka asilimia 20 hadi 80 ya betri ya yuniti 40 ni kama dakika 40, lakini ikipita 80 inapunguza mwendo sana, kwa hivyo ondoka uachie mwingine. Betri ya hizi Leaf zilizotumika pia haina mfumo wa maji wa kuipoza, ukichaji haraka mara mbili tatu siku moja ya jua kali inapata joto na chaji inakuwa ya polepole, jambo la kukumbuka kama unafikiria Mombasa. Na angalia mdomo, yaani aina ya plagi ya chaji ya haraka: hizi Leaf ni CHAdeMO, magari mengi mapya yanayouzwa hapa ni CCS2, na yale yaliyoletwa moja kwa moja kutoka China mara nyingi ni GB/T. Mol inaweza kuwa na mashine nzuri kabisa ambayo haina mdomo wako.

Wa flati wasio na soketi ya pakingi ndio wana kazi. Ongea na keyateka na landilodi kabla hujalipia gari, omba laini itoke kwa mita yako hadi pakingi yako kwa gharama yako, na wakikataa, tembelea kwanza chaja ya nje iliyo karibu na kazini jioni mbili tatu, uone kama huwa inafanya kazi na foleni iko vipi.