San Marino imewahi kushinda, tena si mara moja

Mechi za mchujo za Ulaya zikirudi, barazani pale Mkunguni, Lamu, huzuka neno lile lile: timu ya soka ya San Marino, kijinchi kilichozungukwa na Italia, haijapata kushinda mechi hata moja. Nimelisikia tangu utotoni, na sasa vijana wanalirithi. Si kweli.

Tarehe 28 Aprili 2004 iliifunga Liechtenstein 1-0 nyumbani, katika mechi ya kirafiki. Bao la Andy Selva, dakika ya 5. Kilicholea uvumi ni kilichofuata: miaka 20 bila ushindi.

Ukame ulikatika tarehe 5 Septemba 2024, Liechtenstein tena, 1-0. Mfungaji, Nicko Sensoli, alikuwa na miaka 19, yaani hakuwa amezaliwa Selva alipofunga. Lakini mechi ninayopenda kuisimulia ni ya Novemba 18 mwaka huo huo, ugenini Vaduz, mji mkuu wa Liechtenstein hiyo hiyo. Walitangulia kufungwa. Kipindi cha pili kuanza tu, Lorenzo Lazzari akasawazisha; Nicola Nanni akatia penalti, Alessandro Golinucci akapigilia la tatu. 3-1, wakapanda kutoka daraja la chini kabisa hadi Ligi C, daraja la tatu la Ligi ya Mataifa ya Ulaya.

Hiyo ni nchi ya watu kama 34,000, na wachezaji wake wengi wana kazi nyingine za kuwalisha. Hata walipopigwa 7-1 na Uingereza, Novemba 1993, waliotangulia kufunga ni wao: Davide Gualtieri alitikisa wavu kabla sekunde 9 hazijatimia tangu filimbi ilie.