Sindano za kujaza uso na kujithamini: mambo ya kufahamu kabla ya kuamua

Miongoni mwa maswali yanayofika katika kliniki yetu ya ngozi hapa Kigoma siku hizi, limo moja ambalo zamani lilikuwa halisikiki: je, sindano za kujaza uso, zile ambazo vijana wanaziita filla, ni salama, na je, zinaweza kumwondolea mtu unyonge unaompata kila anapojitazama kwenye kioo? Wanaouliza ni watu wa kila aina. Wapo wafanyabiashara wa Mwanga, wapo wanafunzi wa vyuo, wapo akina mama wa Ujiji waliokwisha kuona wajukuu, na wapo wanaume pia, ingawa wao aghalabu husubiri wagonjwa wengine watoke ndipo waulize. Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo nzito zaidi, na ndiyo ambayo majibu yanayozunguka kwenye simu yameipotosha kuliko ya kwanza.

Filla ni dutu laini inayodungwa chini ya ngozi ili kuinua mahali palipobonyea au kuongeza unene wa sehemu fulani, hasa mashavu, midomo, kidevu na mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Isichanganywe na botoksi, ambayo haijazi chochote bali hulegeza misuli inayoikunja ngozi. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1893 daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyeitwa Neuber alihamisha vipande vya mafuta kutoka mkononi mwa mgonjwa na kuvipandikiza usoni penye kovu lililodidimia, na mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna akaanza kudunga vaselini mwilini, njia ambayo baadaye iliingizwa kwenye urembo wa uso na kuwaachia watu vinundu na vidonda visivyopona. Leo inayotumika zaidi ni asidi ya hayaluroniki, ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwenye ngozi na kwenye viungo. Marekani iliidhinisha filla ya aina hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Hudumu kati ya miezi 6 na 18 kutegemea aina yake na mahali ilipodungwa, na ikileta tatizo daktari anaweza kuiyeyusha kwa kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi. Silikoni ya majimaji haina njia hiyo ya kuirudisha nyuma. Ikishaingia imeingia, na vinundu vyake vinaweza kujitokeza hata baada ya miaka mingi.

Sasa tuje kwenye kujithamini. Tafiti zilizowafuatilia watu waliodungwa filla zinaonyesha kwamba wengi wao huridhika na sehemu iliyotibiwa, hasa katika miezi ya mwanzo. Mtu akiulizwa kuhusu mashavu yake, atasema yamependeza. Lakini kuridhika na mashavu ni jambo moja, na kujiona mtu mwenye thamani ni jambo jingine, na katika hilo la pili matokeo ni madogo na hayafanani: baadhi hupata nafuu, wengine hubaki pale pale walipokuwa. Kipimo cha kujithamini kinachotumika sana duniani kilitungwa na mwanasosholojia wa Marekani, Morris Rosenberg, mwaka 1965. Kina kauli 10 ambazo mtu huzikubali au kuzikataa: kama anajiona ana thamani sawa na wenzake, kama anaona ana sifa njema, kama anaweza kufanya mambo kwa kiwang­o wanachoyafanya wengine, kama wakati mwingine anajiona hafai kitu. Katika kauli zote hizo kumi hakuna hata moja inayotaja pua, midomo wala ngozi. Anayedhani kwamba mililita moja ya jeli itabadilisha majibu yake yote kumi anaitarajia sindano ifanye kazi isiyo yake.

Hata hivyo, sikubaliani na wahudumu wenzangu wanaomkatiza mgonjwa kwa kumwambia aridhike na alivyoumbwa. Uso ndio unaotangulia mbele ya watu kabla mtu hajasema neno, na upo ushahidi wa kutosha kwamba filla zimewasaidia watu fulani kurudi katika maisha yao. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika tiba ya Virusi vya Ukimwi, na unaihusu Kigoma moja kwa moja.

Tanzania ilipoanza kutoa dawa za ARV bila malipo mwaka 2004, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo. Iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini kwa baadhi ya watumiaji, baada ya miezi au miaka, ilinyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi ya uso, ya mikono na ya miguu. Mashavu yalizama, mifupa ya uso ikatokeza, na chini ya macho pakabaki mashimo ambayo hata aliyenenepa tumboni hakuweza kuyaficha. Fikiria muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi ambaye virusi vyake vimefubazwa, anayeamka alfajiri na kujitwisha tenga lake bila msaada wa mtu, lakini anajifunika mtandio hadi puani hata pale pasipo na vumbi, kwa sababu mashavu yake yanatangaza kwa kila mteja habari ambayo yeye hakuchagua kuitangaza. Kwa mtu wa namna hiyo unyonge haukutokana na ndoto ya kufanana na msanii fulani. Ulitokana na badiliko la kweli, lenye chanzo kinachojulikana, ambalo jamii ililisoma na kumhukumu kwalo. Wapo walioacha dawa wakitumaini mashavu yatarudi, na hilo liliwagharimu zaidi kuliko mashavu.

Ni kwa ajili ya wagonjwa hao ambapo Marekani iliidhinisha mwaka 2004 filla iliyotengenezwa kwa asidi ya polilaktiki, na mwaka 2006 nyingine yenye chembechembe za madini ya kalsiamu. Walipofuatiliwa, wengi walisema kwamba wanachanganyika na watu kwa urahisi zaidi na kwamba wasiwasi wao umepungua. Naamini sababu ni kwamba walijua hasa ni kitu gani kilichopotea, na kitu hicho ndicho kilichorudishwa, kama kandiko linavyoziba ufa unaoonekana ukutani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane na stavudini, na dawa zinazotolewa sasa hazinyonyi mashavu kwa namna ile. Ambaye bado ana alama za miaka hiyo asiache dawa zake kwa sababu ya sura. Alieleze jambo hilo waziwazi katika kliniki yake ya CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, kwa kuwa unyonge wake nao ni sehemu ya tiba.

Wapo pia watu wa upande wa pili kabisa, ambao filla haiwasaidii na mara nyingi huwazidishia mateso. Mwaka 1891 daktari wa Italia, Enrico Morselli, alieleza hali ya mtu kutawaliwa na kasoro ya mwili ambayo wengine hawaioni, au wanaiona ni ndogo mno. Leo inahesabiwa kuwa ni ugonjwa wa akili unaotibika, na huwapata takriban watu 2 katika kila 100. Miongoni mwa wanaotafuta huduma za kurekebisha sura idadi hiyo huwa mara kadhaa zaidi. Mwenye hali hii hutumia saa nyingi kwa siku akijichunguza, hukwepa harusi na misiba, hulinganisha uso wake na wa kila anayepita. Akidungwa sindano, kwa muda hutulia, kisha wasiwasi huhamia mahali pengine pa uso, au hubaki palepale ukiwa mkali zaidi.

Katika chumba cha kliniki nina desturi ya kumpa mgonjwa kioo cha mkononi na kumwomba aweke ncha ya kidole mahali panapomsumbua. Mwenye kovu la moto huweka kidole mara moja na kukiacha hapo. Mwingine kidole chake huanza puani, kikapanda chini ya jicho, kikateremka kidevuni na kurudi puani, halafu kioo kinawekwa mezani na simu inatolewa mfukoni, kwa maelezo kwamba kioo hakionyeshi vizuri. Hapo huwa naacha kuzungumzia sindano na kuanza kuuliza habari za usingizi, za masomo, za nyumbani, na nani aliwahi kumcheka.

Simu yenyewe inahitaji maelezo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu ya jinsi uso unavyoonekana kamera ikiwa karibu, wakaona kwamba picha ya kujipiga kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa umbali wa mita 1.5, ambao ndio umbali wa watu wanaozungumza. Kwa hiyo binti anayelia kwa sababu ya upana wa pua yake kwenye picha analia kwa ajili ya pua ambayo hakuna mtu amewahi kuiona. Ongeza hapo programu za simu zinazolainisha ngozi na kunenepesha midomo papo hapo, na utaelewa kwa nini baadhi ya vijana huja wakiwa na picha yao wenyewe iliyorekebishwa, wakitaka wafanane nayo.

Kuhusu usalama, hatari kubwa ni filla kuingia ndani ya mshipa wa damu na kuuziba. Dalili zake ni ngozi kuwa nyeupe ghafla, maumivu makali, au madoa ya zambarau yaliyojichora mfano wa wavu. Tishu ikikosa damu hufa na kuacha kidonda. Mishipa ya pua, ya paji la uso na ya katikati ya nyusi imeungana na ile ya jicho, ndiyo maana sindano ya pua inaweza kupofusha. Jicho lililokosa damu lina dakika tu za kuokolewa, nazo hazifiki hata saa mbili. Sisi tunaoishi zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam tuutafakari umbali huo kwa makini: anayesafiri kwenda kudungwa na kupanda treni au basi jioni ileile amejiweka mbali na mtu pekee anayejua alichodungwa na mwenye dawa ya kukiyeyusha. Ni busara kubaki karibu na daktari huyo kwa siku kadhaa.

Sindano hizi hazipaswi kutolewa saluni wala sebuleni kwa mtu, hata kama mtoa huduma ana mkono mwepesi na bei nafuu. Vivyo hivyo kalamu zinazosukuma jeli kwa mgandamizo bila sindano, ambazo huuzwa mtandaoni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2021 kwa sababu haziwezi kudhibitiwa zinakopeleka jeli. Mtoa huduma awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na bidhaa iwe imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ifunguliwe mbele yako, ikiwa na jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Muulize kama hayaluronidesi ipo chumbani wakati huo. Akichukizwa na swali hilo, ondoka. Wajawazito wasubiri, na wenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba au wanaopata malengelenge ya mdomoni waseme mapema.

Kabla ya kulipa, ni vyema mtu ajiulize kwa ukweli ni nini anachotarajia kibadilike baada ya sindano. Akijibu kwamba kovu la shavuni litainuka, anajua anachonunua. Akijibu kwamba mume atarudi, kwamba wenzake wa chuo watamheshimu, au kwamba atapata kazi, tunamwomba aahirishe na afike kwanza katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa au ya wilaya, ambako maumivu hayo yanaweza kuzungumzwa.

Aliyekwisha kudungwa na kuona mojawapo ya dalili zilizotajwa hapo juu, au kuona ukungu jichoni, asikande kwa maji ya moto wala kusubiri kupambazuke. Aende hospitali saa hiyohiyo akiwa na boksi au kichupa cha bidhaa aliyodungwa, aseme alidungwa sehemu gani na saa ngapi, na ampigie simu aliyemdunga akiwa njiani.