Seva Moja Nyumbani: Kwanza Amua Kazi Itafanyika Wapi

Wengi wanaonipigia simu kuhusu seva ya nyumbani, yaani kompyuta moja inayozihudumia nyingine zote, huanza na bei. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: programu zenyewe unataka ziendeshwe kwenye mashine gani? Hapo ndipo pesa huokolewa au kupotea.

Zamani kila kitu kiliendeshwa ndani ya seva, na kompyuta za vyumbani zilikuwa skrini na kibodi tu. Mradi wa LTSP (Linux Terminal Server Project), ulioanza mwaka 1999, ulisifika kwa kufufua kompyuta kuukuu hivyo kwa kutumia Linux, mfumo endeshi wa bure. Wakati huo ilifaa. Leo watoto wanatazama video, na hapo hesabu inagoma. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, baiti 3 kwa kila nukta, picha 30 kwa sekunde: hizo ni takriban megabaiti 187 kila sekunde, ilhali waya wa gigabiti moja haupitishi zaidi ya 125. Ni kweli picha hubanwa kabla ya kutumwa, lakini anayezibana ni prosesa ya seva. Watoto watatu wakifungua video kwa pamoja, itahema.

Ndiyo maana kwa familia nachagua njia ya pili, ambayo LTSP iliyoandikwa upya mwaka 2019 imejengwa juu yake. Kompyuta inawaka bila diski, inavuta mfumo kutoka kwa seva kupitia waya, kisha inaendesha programu kwa RAM na prosesa yake yenyewe. Faili za kila mtu zinakaa kwenye seva, kwa hiyo mtoto akifukuzwa sebuleni habari zikianza, anaingia kwa akaunti yake kwenye mashine ya chumbani na kukuta insha yake. Seva ikishabaki na kazi ya kugawa faili, kompyuta ya mezani ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha. Hizo nyingine zipe angalau GB 4 kila moja. Vivinjari vya siku hizi vina ulafi.

Usibanie waya. Ukienda Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, soma boksi la swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za kompyuta zote: liwe limeandikwa 10/100/1000. Ile ya 10/100 inafanana nayo kabisa na bei yake ni nafuu zaidi, lakini inapitisha sehemu moja ya kumi tu. Waya nao uwe wa shaba tupu, Cat 5e au Cat 6, si alumini iliyopakwa shaba. Na Wi-Fi sahau kwa kazi hii; kompyuta za kawaida haziwezi kuwaka kutoka kwenye mtandao kwa njia hiyo.

Panapokwamisha wengi ni ruta ya kampuni ya intaneti. Hiyo tayari inagawa anwani za IP kwa kila kifaa, na ukiwasha mgawaji wa pili kwenye seva, nyumba nzima inavurugika, simu na TV zikiwemo. Suluhisho ni amri moja unayoandika kwenye seva, <i>ltsp dnsmasq --proxy-dhcp=1</i>. Ruta inaendelea kugawa anwani, na seva inazielekeza tu kompyuta mahali pa kuchukua mfumo.

Stima nayo? UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, iwe ya seva na swichi. Kompyuta za vyumbani zikizimika ghafla hazina diski ya kuharibika, ingawa kazi ambayo haikuhifadhiwa imeenda. Lakini sasa picha, kazi za shule na hesabu za duka ziko kwenye diski moja, kwa hiyo nunua ya nje ya kunakilia, na nakala nyingine uiweke kwa shangazi. Mwizi akibeba seva hataacha diski iliyo kando yake.

Ukiongeza programu kwenye seva, tengeneza upya mfumo unaovutwa na kompyuta kwa amri ya <i>ltsp image /</i>. Ukiongeza akaunti ya mtu, amri ni <i>ltsp initrd</i>. Kisha zizime kompyuta na kuziwasha upya.