Taya la chini limetokeza, nisubiri akue? Hapana, usisubiri

Swali: Ukuaji wa uso ndo nini?
Jibu: Ni mifupa ya uso kukua kwenda chini na mbele mpaka utu uzima. Taya la juu linamaliza mapema, la chini linaendelea, na wasichana wanawatangulia wavulana kama miaka 2 hivi.

Swali: Nyie madaktari wa meno mmejuaje?
Jibu: Broadbent, daktari wa kupanga meno wa Cleveland, Marekani, mwaka 1931 alitoa mashine ya kushika kichwa wakati wa eksirei, ikawezekana kumpiga mtoto yuleyule picha kila mwaka kichwa kikiwa vilevile. Baadae Profesa Björk wa Copenhagen akaweka vijipini vya chuma ndani ya taya za watoto ili apate alama isiyohama, ndo akaonyesha taya la chini huwa linazunguka likikua, kwa huyu linaenda mbele kwa yule nyuma. Kwahiyo mtoto wa jirani sio kipimo.

Swali: Wangu ana miaka 8, meno ya chini yanakaa mbele ya ya juu. Bibi yake anasema akikua itakaa sawa.
Jibu: Shikamoo bibi, ila haitakaa sawa. Taya la chini ndo linakua mwisho, kwahiyo kama limeshatokeza sasa hivi kawaida linazidi. Umri huu taya la juu bado linavutika mbele kwa kifaa cha kuvaa usoni chenye raba, vizuri zaidi kabla ya miaka 10. Mnamleta ana 16, ndevu zinaota, mnataka nifanye nini jamani? Hapo mara nyingi tunangoja amalize kukua ndo tuongelee upasuaji.

Swali: Si tungoje kwanza meno ya utoto yaishe?
Jibu: Msingoje! Yanaisha miaka 12 hivi, na muda wa kulivuta taya la juu vizuri umeshapita. Akifika 7 mleteni aangaliwe, nimesema aangaliwe, sio afungwe waya, wengi wanarudi nyumbani bila kitu.

Swali: Anakoroma, analala mdomo wazi.
Jibu: Mara nyingi ni nyama za puani, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na akivuka miaka 4 bado ananyonya kidole tuambieni, hiyo pilipili mnayompaka acheni.

Swali: Mimi nina 30 je?
Jibu: Meno yanasogezwa umri wowote fizi zikiwa nzima. Taya kulikuza ndo basi, na zile video za kusukuma ulimi juu ili uso ubadilike hazina ushahidi, usinunue kifaa chao.