Michoro ya Kolo si ramani ya hazina ya Wajerumani

Ukishuka Kolo, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Arusha, hukosi kusikia kwamba michoro ya miambani Kondoa ni ramani ya dhahabu iliyofichwa na Wajerumani. Wajerumani walitawala Kondoa hadi 1916. Michoro myekundu ni ya kale kuliko wao kwa maelfu ya miaka, kazi ya wawindaji na waokota matunda.

Itazame kwa karibu: watu wembamba, warefu kupita kiasi, vichwa vyao vikubwa kana kwamba wamevaa kitu, wengine wameinama pamoja. Wasandawe, ambao wengi huwahusisha na wachoraji hao, wana ngoma ya simbo, na wachezaji wake husema hugeuka simba. Ndiyo maana watafiti kadhaa huona hapo picha za safari za kiroho, nami naona maelezo hayo yana uzito. Michoro myeupe ilikuja baadaye.

Mungomi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko: Warangi huombea mvua na wagonjwa, na pombe ya kienyeji humwagwa mwambani. Anayechimba chini yake akitafuta dhahabu anabomoa madhabahu ya watu walio hai.